Sista wa Benchi la Nyuma

Zahanati ya shamba letu la ngano ilikuwa na vyumba vitatu: cha dawa, cha sindano na cha kujifungulia. Sista hakutumia hata kimoja kwa ile kazi ambayo watu wanamkumbukia. Kazi hiyo aliifanyia nje, ukutani kwa nyuma, ambako mafundi wa karakana walimtengenezea benchi kwa mbao za makasha ya vipuri. Benchi lilitazama ngano. Kiangazi lilitazama mabua, na msimu wa kulima lilitazama udongo mtupu ulionyooka mpaka chini ya Mlima Hanang.

Mimi nilikuwa ofisa ustawi wa wafanyakazi. Ofisi yangu ilipakana na zahanati, na dirisha langu lilikuwa karibu mno na benchi lile kwa bahati mbaya ya aliyechora ramani. Kila Sista alipoketi pale na mtu, alisema bila kugeuka, "Ofisa, dirisha." Nami nikafunga. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ama niliambiwa na wenyewe, ama nilikuwapo.

Alikuwa amesomea uuguzi wa kawaida, kisha akapelekwa Dodoma kujifunza kuhudumia wagonjwa wa akili. Shambani aliajiriwa kwa ajili ya malaria, vidonda na wajawazito. Hayo mengine yalimfuata yenyewe. Madereva walimwita Sista wa Vichwa, lakini si mbele yake.

Hakuketi akimkabili mgonjwa. Aliketi ubavuni pake, wote wawili wakitazama upande mmoja, na katikati yao aliweka ungo wa maharage ya kuchambua. "Ukimkazia mtu macho, anaanza kujibu macho yako," aliwahi kuniambia. "Akiwa na maharage, mikono ina kazi, na mdomo nao unapata nafasi." Wengine walichambua asubuhi nzima bila kutamka neno. Aliwaaga kwa kuwaambia siku ya kurudi, basi. Utani wa shambani ulikuwa kwamba ukitaka kula maharage yasiyo na mawe, ukale kwa Sista.

Mtu asiyemjua angedhani ni mpole. Hakuwa mpole. Akina mama waliochelewa kuleta watoto kliniki walikaripiwa hadi karakana wakasikia. Kwenye mikutano ya wafanyakazi alimkata meneja maneno: "Hilo tumeshalisikia, mheshimiwa, endelea na lingine." Nilipomuuliza inakuwaje mtu anayeweza kumsikiliza mlevi tangu asubuhi mpaka adhuhuri ashindwe kumsikiliza meneja kwa robo saa, alijibu kwamba mlevi alikuwa akisema jambo.

Jumapili alikuja mchungaji kwa pikipiki kutoka nyanda za juu, akaendesha ibada katika banda la kuhifadhia mashine za kuvunia. Huyu naye alikuwa mshauri wa watu, na njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Alimsikiliza mtu kidogo, akafungua Biblia, akamwekea mikono kichwani, akamwombea kwa sauti. Wengi waliondoka wakiwa wepesi. Wengine walirudi Jumapili iliyofuata na mzigo uleule. Yeye na Sista walibishana mara nyingi barazani kwangu, wakinywa chai yangu.

"Sista, mtu anakuja kwako analia, anaondoka analia," mchungaji alisema siku moja. "Hujampa neno hata moja."

"Nimempa nafasi amalize kulia. Kwako wewe alipewa neno machozi yakiwa bado njiani."

"Neno la Mungu halina foleni, Sista."

"Mungu anaweza kusubiri, Mchungaji. Wenye haraka ni watumishi wake."

Mchungaji alicheka, akaongeza sukari. Mimi nilikuwa na njia ya tatu, ile niliyofundishwa chuoni: tatizo ni nini, chanzo chake ni nini, hatua zipi zichukuliwe. Nilipenda kumpangia mtu. Nilimbadilishia zamu, nikamwombea likizo, nikamwita mkewe tukazungumza. Sista hakuidharau njia yangu, wala ya mchungaji. Alituletea watu, na kila mara alijua amlete kwa nani. "Huyu hana ugonjwa, ana msimamizi mbaya. Mhamishe," aliniambia. Na kwa mchungaji: "Huyu anatafuta kusamehewa, na mimi sikupewa cheo hicho."

Kuna mtu mmoja ambaye alimshinda. Mke wa mtunza ghala alifiwa na mtoto wake wa kwanza, akakaa ndani, akaacha kuoga, akaacha kupika. Sista alimketisha benchini tangu palizi mpaka karibu na mavuno. Mama yule alizungumza vizuri tu. Alieleza kila kitu kuhusu mtoto wake, kisha akarudi ndani akalala. Mwishowe wanawake wakubwa wa kambi ya wafanyakazi, akina mama wa Kiiraqw waliofuata waume zao kutoka Mbulu, walikwenda wakamtoa kitandani. Hawakumuuliza lolote. Walimpa ndoo akachote maji pamoja nao, wakamtia katika zamu ya kupika kwenye misiba na harusi, na alipokataa walimsubiri mlangoni mpaka akachoka kukataa. Mvua ziliporudi, alikuwa akiuza maandazi karakana.

Sista alikwenda kwa wanawake wale kuwauliza walichofanya. Mkubwa wao alimjibu, "Wewe ulimwachia maneno yake akae nayo. Sisi tulimpa ndoo." Alirudi akanisimulia hivyohivyo, bila kujitetea. Kuanzia hapo, wagonjwa wake wengine walianza kuonekana wakifagia uwanja wa zahanati au wakimwagilia mchicha.

Lakini habari yake iliyotikisa kambi nzima ni ya dereva Bura.

Bura alikuwa kijana wa Mbulu, mwenye mke na watoto wadogo, dereva hodari wa trekta kubwa. Mwaka ule shamba lilipanuliwa kuelekea Dirma, kwenye ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia ng'ombe tangu mababu. Wabarbaig humzika mzee wao wa heshima kwa kumjengea kilima cha udongo, na udongo huo hauguswi tena na mtu. Katika kipande alichopangiwa Bura kilikuwapo kilima kimoja, kimeota majani. Msimamizi wa zamu alisema hicho ni kichuguu, apitishe plau moja kwa moja. Bura akapitisha.

Haikupita wiki nyingi, mikono yake ikaanza kutetemeka akishika usukani. Kisha akaacha kulala. Kisha akaacha kula. Mkewe alimleta kwangu kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi za likizo.

"Shikamoo, Ofisa. Huyu anaamka, anaketi kitandani, anatazama mikono yake. Nikimuuliza ananiambia nilale."

Madereva wenzake walisema amelaaniwa. Walisema mzee mmoja wa Kibarbaig alionekana siku ileile amesimama pembeni mwa shamba na fimbo yake, hakupiga kelele, aliinama akaokota udongo akaondoka nao. Hilo likatosha. Wengine walikataa hata kukaa karibu na Bura wakati wa kula.

Kila mmoja wetu alijaribu alichokijua. Daktari aliyetutembelea alimpima, hakuona ugonjwa wa mwili, akampa vidonge vya usingizi. Bura akalala, akaamka akiwa vilevile. Mchungaji alimwambia laana haina nguvu juu ya mtu aliyebatizwa, na kwamba hana hatia, maana alitumwa. Akamwombea. Mimi nilimtoa kwenye trekta nikampeleka karakana kuosha vipuri, nikamwambia kwa upole kwamba asijisumbue, kosa si lake, mwenye kuamua alikuwa msimamizi. Kila tulipomwambia hivyo alijibu, "Asante," akazidi kukonda.

Sista alikuwa wa mwisho. Alimketisha na ungo. Nikafunga dirisha.

Ilichukua muda mrefu. Nilimwona akifika asubuhi, nikamwona akiondoka, hakuna kilichobadilika. Mchungaji akaanza kuwa na wasiwasi, nami pia, kwa sababu mke wa Bura alikuwa amenong'ona kwamba mumewe ameuliza ile kamba ya ng'ombe iko wapi. Nilimweleza Sista. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitoa amri kwa mgonjwa wake. Alikwenda nyumbani kwa Bura, akatoa kamba, panga na dawa ya kuoshea mifugo, akamwambia mkewe na jirani wapokezane kumwangalia, kisha akamwambia Bura mwenyewe uso kwa uso: "Nimeviondoa mimi. Ukitaka kufa, uje kwanza uniambie. Nitakuwa pale nyuma." Kesho yake Bura alikuja kabla zahanati haijafunguliwa.

Siku hiyo ndipo aliposema yote. Nilikuja kuyasikia kutoka kwa Bura mwenyewe baadaye. Alisema alipokifikia kile kilima alisimamisha trekta, akashuka. Alikizunguka. Alijua ni kaburi. Aliona jinsi udongo ulivyopangwa, aliona mahali ambapo mtu alikuwa amemwaga kitu, pombe au maziwa, si siku nyingi zilizopita. Akapanda tena, akawasha.

Sista alipita ofisini kwangu mchana ule, akasimama mlangoni.

"Sisi wote tumekuwa tukimnyang'anya," alisema.

"Tumemnyang'anya nini?"

"Kosa lake. Kila mtu anamwambia hana kosa, na yeye anajua analo. Anabaki nalo peke yake, hana pa kulipeleka."

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Anasema anataka kwenda kwa yule mzee."

Nilikataa. Nilikuwa na sababu nzito na bado naziona nzito. Mgogoro wa ardhi kati ya shamba na wafugaji ulikuwa mkali. Watu walikuwa wameshapigana. Mfanyakazi wa shamba akienda mwenyewe kukiri, uongozi ungemfukuza, na huko aendako angeweza kuchomwa mkuki. Nilimuuliza Sista kama alimshauri hivyo.

"Sikumshauri aende, sikumshauri asiende. Nilimuuliza akifika atasema nini."

"Huo si ushauri, Sista. Huyo anaweza kufa."

"Hapa pia anaweza kufa, Ofisa. Umesahau kamba?"

Nilitegemea mchungaji angekuwa upande wangu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Imeandikwa uache sadaka yako madhabahuni, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Nimelihubiri hilo mara nyingi. Mimi nitakwenda naye."

Basi tukaenda wote. Niliomba Landrova kwa kisingizio cha kazi nyingine, nikaiendesha mwenyewe, na gari tukaliacha mbali na boma, tukamalizia kwa miguu ili tusionekane watu wa serikali. Bura alibeba asali kwenye kibuyu. Hilo lilikuwa wazo la mkewe, ambaye alijua kwamba Wabarbaig hawaendi kuzungumza jambo zito bila asali ya kutengenezea pombe.

Mzee alituweka nje ya boma, juani, muda mrefu wa kutosha kutufanya tufikirie kurudi. Alipotoka, aliketi juu ya kigoda chake, sisi tukasimama. Kijana wake mmoja aliyesoma alitufasiria. Mchungaji alifungua mdomo kuanza na salamu ndefu, Sista akamgusa mkono. Akanyamaza.

Bura alisema, "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye niliyepita na trekta kwenye kaburi."

Kijana akafasiri. Mzee hakuitikia.

"Waliniambia ni kichuguu. Lakini nilishuka. Nililiona. Nilijua ni kaburi, nikapanda tena nikalima."

Mzee akasema maneno machache. Kijana aliyekuwa akifasiri akasita, akamtazama baba yake, kisha akatuambia: "Anasema anajua ulishuka. Alikuona ukizunguka. Anasema watu wengi wa shamba wameshakuja hapa kuzungumza, wote wakasema hawakuona kaburi, waliona kichuguu. Anasema wewe ni wa kwanza kuona."

Bura akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto. Hakuna aliyemgusa. Mzee alimwacha alie. Nilimtazama Sista, alikuwa akimtazama mzee kwa makini, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake kazini.

Hakukuwa na maneno ya msamaha. Mzee alisema aliyelala pale alikuwa baba yake, akamweleza Bura alivyokuwa: mfupi, mkali, aliyejua kuimba. Alimwuliza Bura kama baba yake mwenyewe yu hai. Kisha akaipokea asali. Akasema, "Usilime tena upande ule."

Bura akajibu kwamba hana uwezo juu ya shamba, lakini mikono yake haitalima pale tena. Mzee akasema hiyo mikono ndiyo aliyokuwa akiizungumzia.

Kutetemeka hakukuisha siku hiyo, wala wiki ile. Kulipungua polepole. Bura alianza kula, akaanza kulala bila vidonge. Hakurudi kwenye trekta. Uongozi ulipata habari, kama nilivyotabiri, na akaachishwa kazi. Alirudi kwao Mbulu na familia yake, akalima viazi na mahindi kwa jembe la mkono. Shamba lilipanda ngano juu ya kile kilima msimu uliofuata, na trekta iliendeshwa na mwingine.

Baadaye tulibishana barazani kilichomponya ni nini. Mchungaji alisema ni toba. Madereva walisema mzee ameifungua laana kwa asali. Daktari, alipotutembelea tena, alisema hali kama ile mara nyingi hupungua yenyewe mtu akipata usingizi na akitolewa kwenye kazi inayomtisha, na kwa hilo nilijipongeza kidogo. Sista alikunywa chai mpaka tulipomaliza.

"Mkinipa mgonjwa mwingine kama Bura kesho," alisema, "sitamfanyia haya. Yule wa kesho huenda hana kosa kweli. Huenda anatakiwa kuambiwa hivyo mara mia. Lazima nikae naye kwanza ndipo nijue."

Mchungaji akamwambia hiyo si njia, ni kubahatisha. Sista akasema, ndiyo, lakini ni kubahatisha taratibu.

Hakupenda kusifiwa kwa habari ya Bura. Ukiitaja, alikukumbusha kwamba mtu amepoteza kazi na kaburi halikurudi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukisikia kila mwaka kwamba shamba halina vipuri, halina mafuta, halina mbolea. Kazi zilipoanza kukatwa, benchi lilijaa kuliko wakati wowote. Wanaume waliokuwa wakimcheka walikuja kuchambua maharage. Kisha zahanati nayo ikafungwa, na Sista akaondoka kwa lori la mizigo, ameketi mbele na dereva, akimkaripia kwa kukanyaga mafuta hovyo.

Nilimwona mara moja tu tangu hapo. Nilikuwa Haydom, nimempeleka mke wangu kutibiwa macho, nikatoka kwenda stendi kuulizia basi. Nilimtambua kwa mgongo, kwa jinsi alivyomgombeza konda kuhusu kiti. Nywele zimekuwa nyeupe. Alikuwa amemshika mkono mwanamume mrefu, mzee kuliko yeye, amevaa koti zito na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Ofisa! Umenenepa." Akanitazama vizuri, akaridhika. "Huyu ni kaka yangu mkubwa. Alianza kuumwa mimi bado nasoma shule ya msingi."

Nilikuwa nimemfahamu muda wote ule na sikuwahi kusikia kwamba ana kaka. Alisema kaka huyo alikuwa akiishi na mama yao huko milimani, na mama alipofariki akamchukua. Kila baada ya muda anamleta hospitali kuchukua dawa.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba," akaitikia kwa heshima. "Ng'ombe wameshanyweshwa?"

Nikajibu wameshanyweshwa.

"Usimdanganye," Sista akasema. "Mjibu."

Nikaanza upya. "Sina ng'ombe, kaka. Niliwauza wote."

Aliwaza. "Basi umepumzika," akasema, na Sista akacheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Kwa sababu ya mazoea yangu ya zamani nilimuuliza ni njia gani iliyomfaa huyu kuliko zote. Hakukasirika. Alisema mama yao alimwombea, wazee walimchinjia kondoo, Dodoma walimpa vidonge, na yeye amekaa naye. Vidonge vinamtuliza, hataki aviache hata siku moja. Maombi yalimsaidia mama. Kondoo aliwapatanisha wajomba. Kukaa naye, alisema, huenda kunamsaidia yeye mwenyewe zaidi kuliko mgonjwa.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Yupo hapa. Muulize."

Konda alikuwa akipiga ubavu wa basi kwa kiganja, akiita abiria wa Mbulu. Nikamgeukia kaka yake. "Kaka, wewe katika hayo yote ni kipi kinachokusaidia?"

Alichukua muda wake. Konda akaita tena. Sista hakumharakisha, akamwambia konda asubiri.

"Mtu wa kurudi naye nyumbani," kaka akasema.

Kisha akainama, akaokota kikapu cha dada yake, wakapanda basi.